Jana Jioni Mlipika Nini?

Mamzelle Godelieve alikuwa mtu wa kupenda uhakika, na uhakika wenyewe aliutaka kwa maandishi. Chama chake, cha akina mama wa Ubelgiji ambao hawakuwahi kukanyaga Maniema, huku Kongo, kilikuwa kikileta maziwa ya unga na unga wa uji katika shule za Kasongo na Kabambare kwa mwaka wa pili sasa. Mtoto aliyeandikwa kuwa mhitaji alipata kikombe kimoja saa sita mchana, akanywa pale pale mbele ya mwalimu, basi. Mpango mzima watu waliuita Kikombe. Sasa wale akina mama waliandika kuuliza kama Kikombe kina faida, na kama kuna haja ya kuendelea nacho.

Kasongo haikuwa na shida, mizigo ilifika. Shida ilikuwa Kabambare. Mvua ikinyesha, lori lilikwama siku nyingi njiani, unga ukaota ukungu, na chama kikanung'unika. Mamzelle alilisema wazi: ikionekana kwamba watoto wa Kabambare wanakula vizuri nyumbani kwao, maziwa yao yatapelekwa kwingine.

Kazi ya kuchunguza kama itaonekana hivyo au la akapewa Marcellin. Huyu alikuwa mwalimu wa misheni pale Kasongo, Kifaransa kimenyooka, shati limepigwa pasi hata siku ya kulima, na kujipenda kidogo kulikuwamo, tusifichane. Mke wake, Emilienne, alikuwa mtu wa Kabambare. Wadogo zake wawili wa kiume, waliobaki na mama yao baada ya baba kufariki, walikuwa wameandikwa katika Kikombe. Marcellin aliamini wameandikwa kwa huruma tu ya mwalimu wao, kwa vile hawana baba. Yeye nyumba ya wakwe zake aliifahamu. Hakuwahi kufika pale akakosa kuku.

Mamzelle alikuwa ameshatunga maswali yake kwa Kifaransa. La kwanza lilisema: Je, chakula kinatosha nyumbani kwako?

"Hili halitafaa, Mamzelle," Marcellin alisema.

"Kwa nini?"

"Wote watajibu kwamba kinatosha."

"Hata wale ambao hakiwatoshi?"

"Hao ndio watakaojibu upesi zaidi."

Mamzelle alikuwa na ukali wake lakini mjinga hakuwa. Alilikata swali lake kwa wino, akamuuliza sasa aandike nini. Marcellin alikuwa amelala na kuamka na jambo hilo. Tusimuulize mtu kama ana njaa, alisema, maana hapo tunamtaka ajivue nguo mbele ya mgeni. Tumuulize kitu kilichotendeka, kitu kidogo kisicho na aibu. Jana jioni mlipika nini? Nani alikula? Leo asubuhi, mtoto alitia nini mdomoni kabla ya kwenda shule? Mtu akishataja ugali wa jana, sisi tutajua yaliyobaki bila yeye kuyasema.

Wakayajaribu pale pale Kasongo. Jioni, akitoka shule na chaki bado ikiwa vidoleni, Marcellin alipita kwa majirani akauliza kama mtu anayepiga soga. Maswali yakafanya kazi ajabu. Mama Subira, mjane wa mfanyabiashara, ambaye mwenyewe alikuwa akikaanga vitumbua karibu na msikiti, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Jana? Jana tulikula ile ilibakia juzi. Na ya juzi usiniulize, mwalimu, nitalia."

Mwingine alisema ndizi. Mwingine alisema hawakupika, moto haukuwashwa, na alisema hivyo huku akichambua mboga, bila kuona kama amesema jambo kubwa. Marcellin alimpelekea Mamzelle majibu hayo akiwa amefura kwa furaha, na Mamzelle akamwambia kwamba huko Ulaya kuna watu wamesomea kazi hii wasiweze kuuliza vizuri hivyo. Maneno hayo aliyabeba moyoni wiki nzima.

Baadaye wakachagua nyumba za Kabambare. Majina ya watoto wa Kikombe yaliandikwa kwenye vipande vya karatasi, yakatiwa ndani ya kofia pana ya Mamzelle, naye akafumba macho, akachomoa kimoja kimoja. "Nyumba iliyotoka imetoka," alisema. "Usiruke hata moja, wala usiibadilishe na ya jirani. Ukiruka moja, kule Ubelgiji watasema umechagua unaowapenda, na kazi yote itakuwa takataka." Katika yale majina lilitoka la mmoja wa wale wadogo zake Emilienne. Marcellin alilisoma, akalipanga pamoja na mengine, bila kumwambia Mamzelle kwamba ni la shemeji yake. Aliona hakuna ubaya.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake, na alilifanya kwa sababu alilelewa vizuri. Mtu wa Kasongo mwenye adabu zake havamii nyumba ya watu ugenini. Hutuma neno mbele. Mama wa nyumba apate kufagia, apate kujifunga nguo ya heshima, apate kujua kwamba anayekuja ni nani na anataka nini. Kufika ghafla ni kazi ya polisi na ya watoza kodi. Basi, kabla hajapanda lori la pamba, Marcellin alituma ujumbe kwa kapita wa Kabambare, yule msimamizi wa kijiji, pamoja na majina yote: mwalimu Marcellin wa Kasongo atapita kwenye nyumba hizi, atauliza habari za chakula cha watoto, wasishtuke. Mamzelle hakumwambia. Si kwamba alimficha, hata kidogo. Nani anamtolea Mzungu taarifa kwamba atasalimia kabla ya kuingia?

Kabambare ilimpokea kwa viwanja vilivyofagiliwa. Nyumba ya kwanza, alikaa kwenye kiti kilichokuwa kimepanguswa, akatoa karatasi, akauliza: "Jana jioni mlipika nini?"

"Kuku," alisema mama wa nyumba. "Na wali."

"Nani alikula?"

"Wote. Watoto wote. Mpaka wakabakisha."

Nyumba ya pili walipika kuku. Ya tatu, samaki wakavu na wali, na mawese juu yake. Ya nne, kuku. Marcellin aliandika. Mwanzoni alifurahi, kwa kuwa ni vizuri kusikia watu wamekula. Ilipofika saa za mchana, furaha ikaanza kupungua. Hakuna aliyekuwa akimdanganya, hilo alilijua kwa uzoefu wa darasani, maana macho ya mwongo anayajua. Mifupa ya kuku ilikuwa bado imetupwa nyuma ya nyumba, mbwa wanaigombania.

Kwa mama mkwe wake alikwenda mwisho. Mama huyo, Victorine kwa jina la ubatizo, alikuwa mtu mfupi, mkimya, mlimaji hodari wa pamba ya lazima ya serikali, aliyokuwa akiwalimia wakubwa kwanza kabla ya muhogo wake mwenyewe. Marcellin hakuwahi kumtazama usoni. Ndiyo desturi: mkwe na mama mkwe hawakutani macho, hawali pamoja, na mkwe hakaribii jiko hata nyumba ikiwaka moto. Kwa hiyo uchunguzi wa nyumba hiyo ulikuwa kichekesho. Marcellin alisimama pembeni mwa kiwanja akiwa ameelekea kwenye migomba, akaiuliza migomba jana jioni walipika nini. Kutoka nyuma ya nyumba sauti ya mama ikajibu kwamba walipika kuku na wali, watoto walishiba, wanamshukuru Mungu na wanamsalimu Emilienne. Marcellin akaandika. Kisha akaletewa sahani ya kuku, akala, akaenda zake.

Alikuwa amefikia kwa Bulaimu, Mwislamu mwenye duka dogo, rafiki wa baba yake marehemu. Jioni hiyo Bulaimu alimletea maharagwe huku akijikuna kichwa.

"Mwalimu, utanisamehe. Leo tunakula maharagi. Kuku haiko."

"Kabambare nzima?"

"Haiko hata mumoja. Na ni juu yako wewe!" Bulaimu alicheka. "Tangu kapita alisema mwalimu wa Kasongo anakuja kuuliza watu wanakula nini, kuku zote zikakufa. Watu wanaazimana muchele, wanaazimana mpaka masufuria. Nani anapenda mutu wa Kasongo aandike kama yeye haiko na kitu? Na ile kuku ya mwisho ilikuwa yangu. Mama Victorine alikuja, akaniachia kikwembe chake, nguo yake ya misa, kama rehani, akabeba..."

Akakumbuka anaongea na nani, akayasogeza maharagwe karibu na mgeni, akaanza habari za mvua.

Marcellin hakusikia habari za mvua. Alikuwa akirudi nyuma, safari baada ya safari, tangu siku ya posa. Mara ngapi amekuja? Kila mara ametuma neno, kila mara kuku. Alikuwa amekula na kujipangusa mdomo na kusifu, na kumwambia Emilienne kwamba kwao hakuna dhiki. Aliona aibu, aibu nzito ya kukata hamu, na maharagwe ya Bulaimu yakabaki kwenye sahani mpaka yakapoa.

Halafu akili ya mwalimu ikarudi, na yenyewe haikuwa na huruma. Karatasi alizonazo zinasema watoto wa Kabambare wanakula kuku. Kila jibu ni la kweli. Akizipeleka, Kikombe kimekwisha. Akiziandika upya kwa kubuni, atakuwa mwongo, na Mamzelle ni mtu wa kunusa. Na akienda kuwaambia watu, jamani semeni ukweli, watamwangalia kwa mshangao, maana hawajasema kingine.

Njia ilibaki moja, na aliichukia tangu ilipomjia. Alimuaga kapita akisema kazi imekwisha, akaazima baiskeli ya Bulaimu, akaenda Wamaza kwa mwalimu mwenzake. Akakaa huko siku kadhaa, mpaka wali wa kuazima uwe umeliwa na masufuria yamerudi kwa wenyewe. Kisha akarudi Kabambare bila kutuma neno kwa mtu, akaingia jua likielekea kushuka, saa ambayo kila nyumba kuna moshi au hakuna.

Alipiga hodi na kuingia kabla ya kukaribishwa. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akainua kifuniko cha chungu, akachungulia ndani, akaandika.

Huenda kwa wengine hilo ni jambo dogo. Pale, hata mwenye nyumba hafunui chungu cha mke wake. Kilichomo kinajulikana na mpishi na Mungu mpaka kifike sahanini. Mama wa nyumba ya kwanza alishika mdomo. Chunguni mlikuwa na muhogo wa kuchemsha, vipande vichache. Wa pili alimwita jirani yake kwa sauti aje aone mambo. Chungu chake kilikuwa na majani ya viazi na maji. Wa tatu alimuuliza:

"Mwalimu, ni mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea, mama. Nisamehe."

"Sasa juu ya nini unanifanyia vile mbele ya watoto?"

Alisema ni kwa ajili ya Kikombe, yule mama akasema Kikombe kinanywewa shuleni, hapa ni jikoni kwake. Marcellin akatoka akiwa ametota jasho. Kwenye nyumba nyingine hakukuwa na chungu cha kufunua, moto haukuwashwa, na watoto walikuwa wameshalala ili jioni ipite upesi. Aliandika hayo yote kwa mwandiko uleule mzuri. Alikuwa akienda mbio, maana habari nayo ilikuwa ikikimbia, na nyuma yake sauti za wanawake zilikuwa zinapanda kiwanja kwa kiwanja.

Ilibaki nyumba ya mama mkwe. Alisimama njiani. Angeweza kuiruka, na nani angejua? Ila yeye angejua, na kofia ya Mamzelle haikuwa imemwonea mtu. Amewafunulia vyungu akina mama wengine wote, halafu wa kwake amsitiri? Akaona kwamba hilo lingekuwa baya kuliko yote aliyokwisha kufanya. Akaingia.

Habari ilikuwa imemtangulia. Mama Victorine angeweza kuzima moto, angeweza kukimbilia kwa jirani. Hakufanya hivyo. Alikuwa amekaa jikoni, chungu mbele yake, mlango wazi, na wale watoto wawili wamesimama ukutani.

"Ingia, mukwe," alisema, na kwa mara ya kwanza alimwangalia usoni. "Nilisikia unafungua vyungu vya watu. Nikasema, na kwangu atafika tu."

"Mama, nihurumie. Ni kazi ya..."

"Najua ni kazi. Kaa."

Akakaa, magoti karibu na kifua, shati lake jeupe ndani ya moshi. Mama Victorine alifunua chungu mwenyewe. Sombe, yale majani ya muhogo, bila mafuta. Pembeni, tonge la ugali wa muhogo lililotosha watoto wawili wasiolalamika. Aliuchukua ugali wote, akauweka kwenye sahani, akamimina sombe yote juu yake mpaka chungu kikabaki kitupu, akaisogeza sahani mbele ya mkwe wake.

"Kula."

"Na watoto, mama?"

"Watoto walikunywa Kikombe saa sita. Mugeni anakula wa kwanza. Ni leo tutaanza kubadilisha?"

Marcellin aliwatazama watoto. Walikuwa wanatazama sahani. Kukataa chakula cha mama mkwe, baada ya hayo aliyoyafanya jioni ile, kungekuwa ni kumtemea mate. Akanawa, akala. Chumvi haikuwamo. Alikula polepole kwanza, kisha upesi ili iishe, na mama mkwe alimwangalia mpaka tonge la mwisho, hakumuonea haya hata kidogo.

"Sasa andika," alisema.

Aliandika. Palipoandikwa mlipika nini, aliandika ugali na sombe, bila mafuta, bila chumvi. Palipoandikwa nani alikula, aliwatazama watoto tena. Kisha akaandika: Marcellin.

Mamzelle Godelieve alizisoma karatasi zote kwa siku mbili. Alipofika kwenye ile akauliza Marcellin huyu ni nani, ni mtoto wa nyumba? Akajibiwa kwamba ni yeye mwenyewe, mgeni. "Mgeni hahesabiwi," alisema Mamzelle, akalikata jina. Hakuuliza zaidi. Alisema ni kazi safi kabisa, akaituma Ubelgiji, na baada ya miezi jibu likaja: Kikombe cha Kabambare kitaendelea, na tena kitaongezwa. Chama kilisifu hasa namna ya uchunguzi, ile ya kuangalia badala ya kuuliza, na kikaomba itumike mahali pengine.

Kabambare waliendelea kumsalimia Marcellin, kwa adabu yao yote. Hakuna nyumba iliyomkaribisha tena kukaa. Kwa wakwe alipeleka mbuzi wa kuomba radhi, mbuzi akapokewa na wajomba, na mama mkwe akarudi kumpa mgongo kama inavyopasa. Desturi ilikuwa imetimizwa. Mwenyewe alijua hakuna kilichorudi mahali pake.

Siku jibu la Ubelgiji lilipofika, alitembea kwenda nyumbani akiwa na furaha ya kweli. Wale watoto wawili watakunywa mwaka ujao na mwaka mwingine, na wenzao wote. Alitaka Emilienne awe wa kwanza kusikia. Alimkuta jikoni, ameinama juu ya moto.

"Wamekubali," alisema kutoka uani. "Kabambare wanaendelea."

"Ni vizuri," Emilienne alisema, bila kugeuka. "Mama atafurahi."

"Wewe ulikuwa unajua? Mambo ya zile kuku?"

"Nilizaliwa mule ndani, Marcellin."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Emilienne alisukuma kuni motoni. "Ulikuwa unazisifu sana," alisema.

Marcellin akasogea, akitaka kumshika bega. Alipofika mlangoni, Emilienne alisikia hatua zake, akanyoosha mkono bila hata kufikiri, akafunika chungu. Marcellin akarudi nyuma, akakaa uani kusubiri aitwe kula.